Sahani Hairudi Tupu

Najua mnaniita Bibi Kinalika. Msidhani sisikii. Masikio yangu bado mazima, ni magoti tu ndiyo yameanza kunikana. Mnaniletea pilau ndani ya hotipoti, mnasimama mlangoni mkinikodolea macho, nami nikishatafuna na kumeza nasema, "Kinalika," basi mnaondoka mmenuna. Binti mmoja wa hapa Kibiti, ambaye siku hizi anaitwa kupika shughuli mpaka Ikwiriri, alinijibu papo hapo: "Bibi, watu wamelamba vidole na sinia, wewe unasema kinalika tu?" Nikamwambia ndiyo, kinalika. Angejua mimi neno hilo nililisubiri namna gani nilipokuwa na umri wake, angetoka kwangu anacheza.

Nimepika shughuli za watu karibu maisha yangu yote: harusi, maulidi, hitima, sherehe za kuwatoa wanawali ndani. Sasa nimeacha. Masufuria makubwa nimeyagawa, nimebaki na mwiko mmoja mrefu ambao kazi yake siku hizi ni kufukuza mbuzi wa jirani. Mmeniomba niwaeleze nilivyojifunza, hasa huo mkate wa kumimina ambao mnasema haufanani na wa mtu mwingine. Nitaeleza, lakini nitaeleza ninavyokumbuka. Mwenye kutaka vipimo vya vikombe aende kwa wenye vikombe.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa majini. Mimi Somoe ni mtoto wa kijiji cha Mtawanya, wa wakulima wa muhogo, kunde na ufuta. Kwetu nyumba na nyumba zilitenganishwa na mashamba. Ukimpelekea jirani kunde za kuchemsha, unazifunga kwenye jani la mgomba, naye akila anatupa jani. Hakuna chombo cha kurudisha. Nilikua hivyo, nikaolewa hivyo, na ujinga wangu nikauhamishia Mbwera, kule kwenye visiwa vya delta, kwa mume wangu Omari aliyekuwa akikata mikoko. Zama hizo ni za Mwingereza, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, yuko Utete, na mkata mikoko hagusi mti mpaka awe na ruhusa ya Bwana Misitu.

Siku za mwanzo Mbwera nililia sana. Maji yakijaa, nyumba zinabaki kama zimeomba mahali pa kukaa. Maji yakipwa, tope tupu mpaka macho yanachoka. Sikumjua mtu. Basi asubuhi moja akaja mtoto na sahani imefunikwa, akasema, "Bi Zuhura anasema mgeni aonje." Nikafunua. Kulikuwa na mkate mweupe mnene, juu umeiva rangi ya hudhurungi, una matundu matundu ndani, unanukia nazi na iliki. Nilikula nimesimama. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba mchele, huu huu mchele, unaweza kuwa kitu kile. Omari aliporudi alikuta makombo, na hata hayo alilazimika kuyawahi.

Nikaiosha ile sahani kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa. Nikaipeleka mwenyewe, kifua mbele, nikitegemea kusifiwa kwa usafi. Bi Zuhura alikuwa mama mfupi, mzito, mwenye kanga mbili zilizofungwa kwa nguvu kama anakwenda kubeba mzigo. Aliipokea sahani, akaitazama, akaigeuza, akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "nimekuudhi nini?"

Nikashtuka. "Hujaniudhi, Bi mkubwa. Nimekuletea sahani yako."

"Nimeiona. Ni tupu."

"Nimeiosha."

"Na mie naona umeiosha. Ungeitia hata ndimu. Ungeitia hata chumvi ya vidole viwili. Sahani ikirudi tupu, kwetu hapa, aliyeirudisha kasema usiniletee tena."

Niliona aibu kubwa. Nikamweleza habari za Mtawanya na majani ya mgomba. Akasikiliza, kisha akacheka kicheko cha tumboni, akanirudishia sahani mkononi. "Nenda nayo. Uirudishe na kitu. Ikisharudi na kitu, zamu itakuwa yangu, nami nitakuletea. Na nikikuletea, zamu itakuwa yako. Mpaka mmoja wetu afe." Nikarudi nyumbani nikapekua mizigo yangu yote. Nilichokuwa nacho cha maana ni kifurushi cha ufuta alionifungia mama. Nikaukaanga, nikauweka kwenye sahani, nikaupeleka. Hivyo ndivyo nilivyoingia jikoni kwa Bi Zuhura, na sikutoka mpaka alipotoka yeye.

Niwaambie habari za nyumba ile, maana ndiyo shule yangu. Babu yake mzaa baba alitoka Shihiri, kwa Waarabu, akaja kununua magome ya mikoko, akaoa, asiondoke tena. Bibi yake alikuwa Mndengereko wa pale pale. Upande wa mama yake palikuwa na Mngazija, fundi wa kudarizi kofia. Basi vyungu vya nyumba ile vilikuwa na ukoo mrefu kuliko wa mtu. Kunde za Kindengereko zinatiwa tui na bizari. Bokoboko, ambalo watu wengine hulipika kwa ngano, lilipikwa kwa mchele wa bondeni na kamba wakavu waliotwangwa. Kaa wa mikoko, ambaye mimi nilimkimbia siku ya kwanza mpaka nikaanguka kwenye tope, alipikwa kwa ukwaju na pilipili mbichi. Nilipomwonja nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Washihiri waliokuja kwa biashara walikuwa wakila kwake wanasema, "Chakula kizuri, lakini si cha kwetu." Wandengereko wa bara wakila wanasema vile vile, kizuri, si cha kwetu. Niliwahi kumwuliza Bi Zuhura, "Sasa ni cha wapi?" Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua hata uso. "Cha jikoni," akasema. "Kuna kwengine?"

Siku hizi mnanunua unga wa mchele umeshasagwa. Siwalaumu, mikono ni yenu. Sisi mchele tuliuroweka usiku kucha, asubuhi tunausaga ungali na maji, pamoja na tui zito la kwanza. Ukitia tui la pili ukadhani hakuna atakayejua, mkate unajua. Iliki unaitwanga pale pale, usiitwange jana. Mayai ikiwa yapo. Ukishapiga rojo unaliacha liumuke, na hapo ndipo palipokuwa na mtihani, kwa sababu Bi Zuhura hakuumua kwa hamira ya kopo. Hamira ilikuwepo kwenye duka la Mhindi hapa Kibiti, lakini mpaka ifike Mbwera imeshalala usingizi wa mauti. Yeye aliumua kwa tembo la mnazi.

Naona mmekunja nyuso. Kunjueni. Tembo la alfajiri, likiteremshwa mnazini kabla jua halijalipata, ni maji matamu tu. Bi Zuhura alikuwa mtu wa swala tano, na sheria yake ilikuwa ya ulimi. Anachovya kidole, analamba. "Likiwa tamu ni maji ya mnazi," alikuwa akisema. "Likianza kuuma ulimi, hilo si letu, lina wenyewe."

Sasa sikilizeni balaa langu. Palikuwa na maulidi, na tulitakiwa kupika mikate ya watu wengi. Bi Zuhura akanituma kwa mgema ng'ambo ya mto mdogo, alfajiri, maji yakiwa yamepwa. Nikavuka kwa miguu. Mgema alikuwa mzee mcheshi, mwenye hadithi nyingi, na mimi upweke ulikuwa bado unaniuma, basi nikakaa kusikiliza. Ninatoka pale nakuta maji yamejaa mpaka kwenye matawi ya mikoko. Nikakaa na kibuyu changu juani nikisubiri mtumbwi. Mtu wa Mbwera angetazama mwezi akajua siku hiyo maji yatapanda mapema. Mimi wa Mtawanya mwezi niliutazama kwa uzuri tu.

Nilipofika, Bi Zuhura alikuwa ameitwa kwa wenye shughuli. Nikafungua kibuyu, tembo likatoa povu kwa fujo. Nikafurahi! Nikasema povu hili litainua mkate mpaka ugonge kifuniko. Sikulamba. Nikatia yote. Rojo likaumuka likamwagika mekoni, mikate ikatoka minene kama mito ya kulalia, nami nikaipanga kwenye masinia najisikia bingwa.

Masinia yakaenda kwa wanaume. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamega, akatafuna, akaacha kutafuna. Akameza kwa shida, akamtazama Bi Zuhura aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa upole kabisa: "Bi Zuhura, mkate huu umeswali kweli?"

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika mpaka kijiji cha Salale. Bi Zuhura hakunigombeza mbele ya watu. Alikusanya mikate yote, akawamwagia kuku, na kuku wale walilala juani mchana kutwa, miguu huku, mabawa kule. Jioni akaniita, akatia rojo jipya kwenye bakuli, akaniinamisha kichwa juu yake. "Sikiliza." Nikasikia vitu vidogo vidogo vikipasuka, taratibu. "Hilo linaongea. La kwako lilikuwa linapiga kelele. Mtu anayepiga kelele usimpeleke kwenye maulidi." Toka siku hiyo naumua mkate kwa sikio. Hamira yenu ya kopo nayo ina sauti yake, mkizima hiyo redio mtaisikia.

Na moto. Kuni zetu zilikuwa vipande vya mikoko alivyorudi navyo Omari. Mkoko mkavu una moto mkali, mtulivu, na moshi wake ni wa kutafuta. Unamimina rojo kwenye sufuria lililokwisha kupata moto na samli, unafunika bati, unapalia makaa juu. Moto wa juu uzidi wa chini kidogo. Ukifunua mapema kwa wasiwasi, mkate unanywea na haunyanyuki tena hata uuombee dua.

Mbali ya chungu, Bi Zuhura alinifundisha kusuka ukindu. Mlipokuwa mkinitazama nikisuka hapa barazani mkasema bibi anapoteza wakati, mjue kwamba mpishi wa Mbwera asiyejua kusuka alikuwa nusu ya mpishi. Chakula cha shughuli hakikutoka jikoni kikiwa wazi. Kilifunikwa kawa, kile kifuniko kirefu chenye ncha juu, cha ukindu. Tulichana ukindu, tukauanika, tukasuka ukili, ule utepe mwembamba, kisha tukauzungusha na kuushona tukipanda nao mpaka kileleni. Rangi tulipika wenyewe. Unachemsha magome ya mkandaa, aina mojawapo ya mkoko, unachovya ukindu, unatoka mwekundu wa kahawia. Ukitaka mweusi, ule ule mwekundu unauzika kwenye tope jeusi la mikokoni na kuuacha. Tope lile lile lililonifanya nilie siku za mwanzo ndilo lililonipa rangi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona.

Kila mpishi alikuwa na nakshi yake. Nakshi ya Bi Zuhura iliitwa njia ya kaa, kwa sababu mistari yake myekundu na myeusi ilikwenda upande upande, haikwenda mbele. Sinia likitokeza tu, wanaume wanaona njia ya kaa, wanakunja mikono ya kanzu. Hakuna aliyeuliza nani kapika. Na sisi tuliokuwa tunajifunza, chakula chetu kilitoka chini ya kawa jeupe, lisilo na rangi, lisilo na mwenyewe. Mtu akiona kawa jeupe anakula kwa tahadhari, kama anavyokanyaga daraja la mti mmoja.

Niseme kidogo habari ya Bwana Misitu, msije mkadhani kule tulikuwa tukilia tu. Alikuwa Mzungu mrefu, amebabuka kwa jua. Alikuja kukagua boriti, na wazee wakaona haifai aondoke na njaa. Bi Zuhura akapika samaki wa kupaka, akafunika kawa lake. Mzungu akafunua, akalitazama lile kawa, akafurahi sana, akalivaa kichwani. Alidhani ni kofia ya zawadi! Akala amelivaa. Wazee waliinama wakajidai wanatafuta miiba ya samaki. Akaondoka nalo mpaka kwenye mashua, ncha yake inaonekana kwa mbali. Tukamwambia Bi Zuhura, Bi mkubwa, kawa lako linakwenda! Akasema, "Liacheni. Jua limemtesa mwana wa watu." Kisha akakaa akasuka jingine.

Basi mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani. Sikutaka vito wala kanga mpya. Nilitaka siku moja chakula changu kitoke chini ya njia ya kaa, Bi Zuhura mwenyewe akifunike kwa mkono wake, watu waone. Nilikuwa mgeni pale. Watoto Mungu alikuwa hajanipa bado, na nilihisi kwamba siku hiyo ndipo Mbwera itakuwa kwetu. Bi Zuhura alijua, maana nilikuwa nikilitazama kawa lile kama paka anavyotazama mtungo wa samaki. Lakini kusifia hakukuwa tabia yake. Akionja chakula changu anasema "Mh," au hasemi. Siku moja nikathubutu kumwuliza kwa nini hanisifu hata kidogo. Akanijibu, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wee ushawapikia watu tembo kali. Unataka na la maji?"

Kitu kimoja tu kilinipa moyo. Nilizoea kunyunyiza ufuta wa kwetu juu ya mkate kabla ya kupalia makaa. Kwao hawakuwa wakifanya hivyo, mimi nilifanya kwa ajili ya kumkumbuka mama. Mara ya kwanza Bi Zuhura alikunja uso. Mara ya pili akala akanyamaza. Ufuta ulipokwisha, nikapika bila ufuta, naye akamega kipande, akakizungusha mkononi, akasema kama mtu asiyejali, "Mama yako huko Mtawanya mwaka huu hakulima?"

Macho ya Bi Zuhura yakaanza kuingia ukungu. Kwanza hakuweza kutunga uzi sindanoni, kisha akawa anapapasa sufuria. Mjukuu wake Salma alipoposwa, wenye shughuli walinijia mimi. Nilipika harusi ile peke yangu tangu mchele mpaka kahawa, Bi Zuhura ameketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akisikiliza. Akiniambia, "Sufuria la pembeni limenyamaza," nalitazama, kweli maji yamekauka. Vyote vilipokuwa tayari nikamletea aonje. Akaonja wali, akaonja samaki, akamega mkate, akatafuna ufuta kwa meno yake ya mbele.

"Kinalika," akasema.

Kwa mara ya kwanza! Niliona kifua kinanipaa. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Bi mkubwa, basi nifunikie. Leo tu."

Kawa lake lilikuwa magotini, akilipapasa mistari. "Hapana, Somoe."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Kawa langu likikaa juu ya chakula chako litasema uwongo. Watadhani ni mkono wangu."

"Si ndiyo heshima?"

"Heshima ya nani?" akasema. "Funika jeupe."

Nikafunika jeupe. Nikarudi nyuma ya jiko nikalia, na kwa kuwa kuni za mkoko hazina moshi, hata kisingizio sikuwa nacho. Wanaume walikula wakamaliza, wakakwangua. Sikufurahi. Nilisema moyoni, mwanamke huyu ana roho ngumu, ataizika sanaa yake pamoja naye kuliko kunipa mimi wa kuja.

Kiangazi kilichofuata mwanawe akaja kumchukua akamtunze kwake Mafia. Hakutaka kwenda. Alisema maji ya kule hayajui kusaga mchele. Lakini mtu asiyeona na nyumba yenye tope pande zote havikai pamoja. Alfajiri ya safari nilimpikia mkate wa njiani. Nikauweka kwenye sahani yangu ya bati yenye ukingo wa buluu, ndiyo sahani pekee niliyokuja nayo Mbwera siku ya harusi yangu, nikaufunika kawa jeupe. Akanusa. Akasema, "Umetia ufuta." Nikasema nimetia. Akashika kichwa changu kwa mikono miwili, akakitikisa taratibu, namna anavyotikisa nazi kusikia maji.

"Sahani yako itarudi," akasema.

"Haina haraka, Bi mkubwa."

Lakini haraka nilikuwa nayo. Kila mashua iliyotoka Mafia nilikuwa gatini. Nilijua Bi Zuhura asingeweza kurudisha sahani tupu, kwa hiyo nilikuwa nikikisia kitakachokuwamo. Huenda ni karafuu. Huenda ni pweza mkavu. Omari alikuwa akinicheka: "Mke wangu kaposwa na sahani." Mvua za masika zikapita, mpunga ukavunwa, watu wakatoka Mafia na vikapu vyao, hakuna sahani. Nilianza kuona kwamba amenisahau, na wivu wa kijinga ukanishika, nikasema moyoni kwamba huko amepata mwingine wa kumsikilizia masufuria.

Kisha siku moja wakati wa kuanika uduvi akateremka mwanamke mgeni, amejitanda kanga nyeusi. Alikuwa mkwe wa Bi Zuhura. Aliniulizia kwa jina. Mkononi alikuwa na sahani yangu yenye ukingo wa buluu, imefunikwa kawa. Nilipomwona na ile kanga nilijua, lakini macho yangu yalikataa kutoka kwenye lile kawa.

Tukakaa chini. Akanipa habari ya msiba, nikaitikia kama inavyopasa kuitikia. Kisha akanisogezea sahani. Nikafunua. Ndani hamkuwa na kitu. Hata ndimu, hata chumvi ya vidole viwili. Nikamtazama.

"Alisema utashangaa," akasema yule mkwe. "Alisema nikwambie, cha kula sikutia, mwambie atazame juu."

Nikalichukua kawa nikalitoa nje kwenye mwanga. Lilikuwa jipya. Ilikuwa njia ya kaa, ile ile, nyekundu na nyeusi, ikienda upande upande, mahali pengine imeyumba kwa sababu aliyeisuka alikuwa haoni, alikuwa anahesabu kwa vidole. Na kati ya mistari, kila mahali, tangu chini mpaka kileleni, alikuwa ameacha ncha ndogo ndogo za ukindu mweupe. Mkwe wake akasema walimwambia, mama, hizo nyeupe umekosea, tuzifumue? Akawagombeza. Akasema, "Hamjui kitu. Huo ni ufuta."

Nikauliza lile kawa langu jeupe liko wapi. Akaniambia alikataa kuliachia. Chakula chake kule Mafia alikuwa hali mpaka kifunikwe kwa lile jeupe, na wao walikuwa wanadhani ni ukaidi wa uzee.

Nililia mbele ya mgeni, sikujali. Hakuninyima. Hakutaka nitoke chini ya jina lake, alikuwa ananitafutia langu, na alilitafuta gizani kwa vidole, mimi nikiwa gatini ninamnung'unikia.

Kawa hilo ndilo mnaloliona hapo ukutani, mnaloliita urembo wa bibi. Nililichukua hata tulipohamia huku Kibiti, Omari alipochoka na tope. Shughuli zangu zote zilizonipatia jina zilitoka chini yake, na waliokula bara na delta wakiona ufuta kati ya njia ya kaa walikuwa hawaulizi. Nimewafundisha wengi kusaga, kupalia, kusikiliza rojo. Mkinuna mninunie tu. Siku nitakayoona mtu ana kitu chake mwenyewe ndani ya chungu, nitaanza kuchana ukindu wa kawa lake, na macho yangu bado yanaona kidogo.

Lakini mkija kwangu acheni hizo hotipoti. Leteni chakula kwenye sahani, nipate kitu cha kuwarudishia.

Ile yangu ya bati bado ninayo. Rangi imebanduka, buluu imebaki upande mmoja. Kila Idi nikishapika mkate wa kumimina nakata kipande cha kwanza, chenye ufuta mwingi, nakiweka juu yake, nafunika, nakaa nayo magotini. Ilirudi na kitu, kwa hiyo zamu ni yangu. Toka siku ile zamu ni yangu, na sina pa kuipeleka.